Tundu, Muda na Mwanga: Istilahi za Kumfunza Anayeanza Kupiga Picha

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia istilahi za upigaji picha kwa kamera ya kidijitali, hususan zile anazokutana nazo mtu katika siku zake za mwanzo. Kazi hii si ya mafundi wa studio peke yao tena. Bwana shamba hupiga picha ya jani lenye ugonjwa ili alipeleke kwa mtaalamu bila kulichuma. Afisa ardhi hupiga picha ya jiwe la mpaka. Karani hupiga picha ya mtu anayeomba kitambulisho. Wote hao hukabidhiwa kamera pamoja na kijitabu cha maelezo, na kijitabu hicho aghalabu hakina Kiswahili, au kina Kiswahili kilichofasiriwa neno kwa neno na mtu ambaye hajapata kushika kamera. Msomaji hufuata maelezo hayo kwa uaminifu, kisha hupata picha mbaya, na mwishowe huamini kwamba kosa ni lake.

Yafaa tuseme mapema kwamba Kiswahili hakiingii katika uwanja huu mikono mitupu. Studio za picha zimekuwapo katika miji yetu ya pwani tangu karne ya 19, na mafundi wake walijitungia msamiati wao bila kusubiri kamati yoyote. Walipiga picha, wakasafisha mkanda katika chumba cha giza, na mkanda ulioingiwa na mwanga kupita kiasi walisema umeungua. Maneno hayo ni mazuri kwa sababu yalitoka katika kazi yenyewe. Basi kila tunapotafuta istilahi mpya, kipimo chetu na kiwe hicho hicho: je, neno hili linamwonyesha mwanafunzi kile kinachotendeka ndani ya kamera, au linamficha?

Tuanze na tundu. Neno kamera lina asili yake katika Kilatini, na maana yake ni chumba. Na kwa hakika kamera ni chumba cha giza chenye tundu moja la kupitishia mwanga. Jambo hili lilielezwa na mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi zake nyingi nchini Misri katika karne ya 11, karne nyingi kabla ya kuwapo kwa mkanda wala lenzi ya kamera. Tundu likipanuliwa, mwanga mwingi huingia; likifinywa, huingia kidogo. Wako wanaopendekeza liitwe mboni, kwa kuwa mboni ya jicho nayo hupanuka gizani na kufinyika juani. Mfano huo ni mzuri wa kufundishia darasani, lakini kama istilahi tunaona tundu latosha. Ni neno la kila siku, nalo halihitaji maelezo.

Tatizo halimo katika jina la tundu bali katika namba zake. Katika kamera namba hizo huandikwa f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Mwanafunzi huambiwa kwamba namba kubwa ni tundu dogo, na namba ndogo ni tundu kubwa. Hukariri, husahau, hukariri tena. Tumeona hata vijitabu vya mafunzo vikiwaomba radhi wasomaji kwa jambo hili kana kwamba ni ukaidi wa watengenezaji wa kamera. Walakini hakuna ukaidi wowote. Alama ile ni sehemu, kama sehemu nyingine zozote za hesabu. Herufi f husimamia umbali wa fokasi wa lenzi, na namba iliyo chini yake hueleza umbali huo umegawanywa kwa ngapi ili kupata kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2 huwa na tundu lenye kipenyo cha milimita 25. Ikiwekwa f/4, kipenyo huwa milimita 12.5.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo hatuoni sababu ya kuiacha. Tunazo nusu, robo na thumuni. Hakuna mtoto anayenunua sukari dukani asiyejua kwamba robo ni ndogo kuliko nusu, wala hajapata kuambiwa na mtu kwamba jambo hilo ni la ajabu. Basi f/2 na isomwe nusu, f/4 robo, na f/8 thumuni. Namba za katikati zinaweza kusomwa kama zilivyo, maadamu mwanafunzi amekwisha kuelewa kwamba anasoma sehemu. Mwalimu aongeze tu kwamba kila hatua katika mfululizo ule hupunguza mwanga kwa nusu. Kutoka nusu hadi robo ni hatua mbili, kwa hiyo mwanga unaobaki ni robo ya ule wa awali.

Jambo la pili ni muda. Ndani ya kamera kuna kizuizi kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwa kitambo tu, na mafundi wamezoea kukiita shata. Hatuna ugomvi na neno hilo. Ugomvi wetu ni na “kasi ya shata”, ambayo imeenea kwa kuwa Kiingereza husema hivyo. Kasi ni kipimo cha mwendo, na mwanafunzi aliyepita darasa la fizikia anajua kwamba kasi haipimwi kwa sekunde tupu. Namba tunazoziona katika kamera, yaani 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, ni sehemu za sekunde: ni muda ambao shata hukaa wazi. Na kamera nyingi huandika 125 peke yake, bila kuonyesha kwamba ni sehemu, hivyo mwanafunzi anayeongeza “kasi” hudhani ameongeza kitu, ilhali amepunguza mwanga.

Tunapendekeza kuitwe muda wa kufumbua. Msemo wa kufumba na kufumbua tumeurithi, na kila Mswahili anajua ni kitambo kifupi kiasi gani. Shata ni kope. Tundu ni mboni. Kamera hufumbua, ikaona, ikafumba. Muda wa kufumbua ukiwa mrefu, mwanga mwingi huingia, lakini kitu kinachokwenda huacha mburuzo katika picha. Mtoto anayekimbia, akipigwa kwa 1/30, huonekana kama moshi. Akipigwa kwa 1/500, husimama. Mkono wa mpiga picha nao hutetemeka. Mafundi wana kanuni nyepesi: kwa lenzi ya milimita 50 usishike kamera mkononi kwa muda mrefu kuliko 1/60 hivi, na kwa lenzi ya milimita 200 usizidi 1/200 au 1/250.

Ama kuhusu ISO, hapa tunashauri tusitafsiri. Herufi hizo ni jina la shirika la kimataifa linaloweka viwango, na mwaka 1974 shirika hilo liliunganisha vipimo vya Kimarekani na vya Kijerumani vilivyokuwa vikitumika kupima wepesi wa mkanda kuathiriwa na mwanga. Kwa mkanda, mtu angeweza kusema unyeti, kwa sababu mkanda wa 400 ulikuwa kweli mnyeti zaidi kuliko wa 100. Katika kamera ya kidijitali mambo si hivyo. Kifaa kinachopokea mwanga ni kile kile. Kinachobadilika ni kiasi ambacho ishara yake hukuzwa, kama vile redio inavyoongezwa sauti. Ukiita unyeti utamfanya mwanafunzi aamini kwamba anapata mwanga zaidi bure, na hakuna cha bure: ukikuza ishara dhaifu, unakuza na dosari zake.

Dosari hizo wafasiri wengine wameziita kelele. Picha haipigi kelele. Lakini watu waliotazama televisheni yenye mawimbi hafifu walikwisha kulijua jambo hili, wakaliita chenga, kwa kuufananisha mvurugiko ule na chembe za mchele uliovunjika. Chenga ndilo neno lake. Na bwana shamba akilijua hatapeleka kwa mtaalamu picha ya jani iliyopigwa ghalani kwa ISO 6400, ambayo madoa yake hayajulikani yapi ni ya ugonjwa na yapi ni ya kamera.

Mambo haya matatu hufanya kazi pamoja, na mwanafunzi hahitaji zaidi ya mfano mmoja ili auone uhusiano wake. Katika jua kali la mchana lisilo na mawingu, weka ISO 100, tundu f/16, na muda wa 1/125. Picha itakuwa nzuri au karibu sana na uzuri. Ukitaka kusimamisha mtu anayekimbia, fupisha muda hadi 1/500, yaani hatua mbili. Kisha rudisha mwanga uliopotea kwa kupanua tundu hatua mbili, hadi thumuni. Aliyepata simu ya mkononi badala ya kamera hataweza kulifanya zoezi lote hili, kwa kuwa simu nyingi zina tundu lisilobadilika. Naye aambiwe hivyo, asije akalitafuta.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko yote. Kamera ikiachwa ijiamulie, hutumia kipimamwanga chake, na kifaa hicho kwa asili yake hudhania kwamba jumla ya kile kilicho mbele yake ni rangi ya kijivu cha wastani. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kipimamwanga huona weupe mwingi, hukata shauri kwamba mwanga umezidi, nacho huupunguza. Ukuta hutoka kijivu, na uso wa mtu hutoka giza tupu, macho na mdomo havionekani. Picha hizo zimejaa katika majalada yetu, nazo zimewafanya watu waambiwe warudi kesho kupiga nyingine, wakati mwingine kwa nauli yao wenyewe. Kosa si la ngozi ya mtu, na mwalimu asikubali liambiwe hivyo. Kamera imekisia vibaya, nayo yaweza kusahihishwa kwa kitufe kimoja chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kila +1 ni mwanga maradufu, na mbele ya ukuta mweupe aghalabu huhitajika +1 au zaidi.

Lakini kitufe hicho kinaitwaje? Tumekuta kikiitwa fidia. Fidia hulipwa mtu ambaye shamba lake limepitiwa na barabara. Karani wa serikali akiisoma katika kijitabu cha kamera, ana haki ya kuuliza nani analipwa. Sisi tunapendekeza marekebisho ya mwangaza. Tumechagua mwangaza na si mwanga kwa makusudi: mwanga ni ule unaotoka juani au kwenye taa, na mwangaza ni kiasi cha ung’avu wa picha. Lugha inaposhika maneno mawili, ni israfu kuyatumia kwa maana moja.

Tofauti nyingine inayofaa kulindwa ni ya picha isiyoonekana vizuri. Watu husema tu kwamba imefifia, ilhali sababu zaweza kuwa mbili na dawa zake mbalimbali. Picha iliyotikisika ina mburuzo wa upande mmoja, na dawa yake ni kufupisha muda wa kufumbua. Picha yenye ukungu haikuwekwa fokasi pale palipotakiwa, na dawa yake ni kulenga upya, au kufinya tundu ili vitu vya mbele na vya nyuma vionekane kwa pamoja. Mwalimu anayesahihisha kazi za wanafunzi kwa neno moja la “mbaya” hajawafundisha kitu.

Kuhusu kifaa kinachopokea mwanga, tunapendelea kihisi. Neno sensa, ambalo wengine wameanza kuliandika, nchini Tanzania lina kazi yake, na waliohesabiwa mwaka 2022 hawatalisahau upesi. Kihisi kina vijisehemu vinavyoitwa pikseli. Kamera ya kwanza ya aina hii iliyobebeka, aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Siku hizi pikseli milioni 24 si kitu cha kushangaza, na wauzaji huzinadi kama nyanya. Picha ya kitambulisho haihitaji hata sehemu ndogo ya hizo.

Limebaki suala la maneno matatu ambayo wafasiri huyachanganya. Picha ambayo kamera imeihifadhi kama ilivyopokewa na kihisi, bila kuitengeneza, na iitwe picha ghafi, kama tusemavyo mali ghafi. Kuitengeneza picha hiyo katika kompyuta ni kuisafisha, neno lile lile la chumba cha giza, maana kazi ni ile ile. Kuiondoa picha katika kadi ni kuifuta. Na lenzi yenye vumbi isisafishwe wala isifutwe katika maandishi yetu, bali ipanguswe, kwa kitambaa laini kikavu; maana agizo la “futa kabla ya kuanza” likisomwa na mtu mwenye kamera mkononi, laweza kumpotezea kazi ya siku nzima, na lenzi ikabaki na vumbi lake.