Juni ya Kopo na Juni ya Lubumbashi

Kopo la kwanza la chakula cha samaki nililolinunua mjini lilikuwa na jedwali mgongoni. Juni, Julai na Agosti: lisha mara tatu kwa siku. Desemba hadi Februari: acha kabisa. Nililifuata neno kwa neno, maana nilidhani aliyekitengeneza chakula ndiye anayejua kinavyoliwa. Ilipofika mwezi wa saba nilikuwa nimepoteza samaki wanne kati ya tisa. Walianza kuelea upande upande, matumbo yamevimba, mapezi yamekunjwa, na chini ya bwawa punje zilizolainika zilikuwa zimelala juu ya tope bila kuguswa. Desemba ikaja, nikawanyima chakula waliobaki huku maji yakiwa vuguvugu, nao wakakonda hadi vichwa vikaonekana vikubwa kuliko miili.

Jedwali lenyewe halikuwa na kosa. Liliandikwa kwa bustani za Ulaya, ambako Juni ni joto na Januari ni barafu. Bwawa langu liko Kenya, na Kenya ninayoisema ni ile komini ya Lubumbashi yenye uwanja wa Kibassa Maliba, si nchi ya Nairobi. Hapa tuko kusini ya ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai ni miezi ya mupepo: usiku hewa hushuka hadi nyuzi 6 au 7, watoto wanaota moto wa makala, na asubuhi kipimajoto changu ndani ya maji husoma 13 au 14. Oktoba mchana hupita nyuzi 30. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Kwa hiyo anayefuata kopo hapa kwetu hulisha sana samaki wanapokuwa hawawezi kusaga chakula, na huwafungisha wakati wanakihitaji.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake una joto la maji yanayomzunguka, na maji yakipoa kwa nyuzi 10, kazi za mwili hupungua kwa karibu nusu au zaidi: moyo, pumzi, na vimeng'enya vinavyovunja chakula. Kwa samaki wa dhahabu, ambaye wengi wetu hapa tunamwita poisson rouge, na kwa koi, jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa wote wawili ni wa jamii ya karpu, na jamii hiyo haina mfuko wa tumbo. Sisi tukila bukari (ugali), chakula hukaa kwanza mfukoni kikilowa asidi kabla ya kuteremka. Wao hawana mfuko wala asidi hiyo. Kinachomezwa huingia moja kwa moja kwenye utumbo mrefu uliojikunja, unaozidi urefu wa samaki mwenyewe, na husagwa kikiwa safarini. Hawana ghala la kuweka akiba. Ndiyo maana wameumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa, na ndiyo maana kila mara wanaonekana kama hawajala tangu jana.

Mtoto wa jirani akisimama ukingoni huniita: «Papa, beko na njala!» Anaona vinywa vinavyofunguka na kufumba. Kumbe samaki hawa wana vifupa vidogo vinavyounganisha pulizo la hewa na sikio, na husikia vizuri kuliko samaki wengi. Wameshajifunza mlio wa kandambili zangu kwenye saruji. Wangekuja mbio hata kama wamelishwa dakika tano zilizopita. Kukukimbilia kwao kunathibitisha kwamba wanakufahamu. Njaa haithibitishwi hivyo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho wenye mabwawa wengi hawajakiona ijapokuwa kiko mbele yao kila siku, ni jinsi wanavyochambua chakula. Dondosha punje moja kwenye mchanga wa chini kisha uinamie maji utazame. Samaki hushuka kichwa chini, hunyonya mchanga kinywa tele, halafu husimama kidogo huku mashavu yakichezacheza. Baada ya nukta chache mchanga hutoka nje, na punje haitoki. Hana ulimi wa kuchambulia wala mkono. Juu ya kinywa chake, kwenye kaakaa, kuna pande nene la misuli lililojaa vionja ladha. Kipande cha chakula kikigusa mahali fulani pa pande hilo, mahali hapo pekee huvimba na kushuka, pakakibana chakula dhidi ya sakafu ya kinywa, na maji yakasukuma mchanga wote uliobaki. Punje mbili zikigusa mahali pawili, panavimba pawili. Kazi hiyo inataka akili nyingi, na ukipasua kichwa cha samaki wa dhahabu utaona mahali akili hiyo ilipowekwa: upande wa nyuma wa ubongo kuna nundu mbili kubwa ajabu, zimepangwa kwa tabaka, na kila sehemu ya kinywa ina sehemu yake kwenye nundu hizo, kama ramani. Samaki ambaye watu wanasema hana kumbukumbu ya zaidi ya sekunde chache amebeba ramani ya kinywa chake kichwani.

Kikishachambuliwa, chakula huenda kooni, na meno yako huko. Midomoni hana hata jino moja. Samaki wa dhahabu ana meno manne kila upande wa koo, mstari mmoja. Koi ana mistari mitatu. Husaga chakula kwa kukisugua dhidi ya kibao kigumu kilichoko chini ya fuvu. Meno hung'oka na mengine huota. Nilipofagia bwawa mwezi wa nane nilipata moja la koi wangu mkubwa kwenye tope, jeupe, bapa kwa juu, dogo kama nusu ya punje ya mchele.

Ukishalijua hili, utaona kwa nini nakasirika mtu anapotupa mkate mzima kwenye maji. Wanga wenyewe samaki hawa wanauweza, kuliko samaki wengi. Ila mkate hulowa na kupasuka, nusu yake huwa uji ambao hakuna kaakaa linaloweza kuushika, na uji huo huoza. Kula mkate kila siku huwajaza mafuta kwenye ini. Bukari iliyobaki ina hatari hiyohiyo.

Baridi peke yake haiwaui. Huko kaskazini samaki wa dhahabu hukaa chini ya barafu ambako oksijeni imekwisha, akabadilisha taka za misuli yake kuwa pombe na kuitoa kwa matamvua. Mwaka 2017 watafiti wa Oslo na Liverpool walieleza vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo. Koi hana kipaji hicho kwa kiwango hicho, lakini naye anavumilia maji baridi kuliko yetu. Nyuzi 13 za Julai si kitu kwao. Wangu waliuawa na chakula. Kilikaa utumboni bila kusagika, na kilichobaki majini kikageuka amonia. Samaki wenyewe hutoa amonia kwa matamvua kila wanapotumia protini, na katika bwawa zima kuna bakteria wanaoigeuza kuwa kitu kisicho na sumu kali. Bakteria hao nao hulegea kwa baridi. Mwezi wa saba, basi, anayekula amelegea na anayesafisha amelegea, halafu mwenye bwawa anamwaga protini mara tatu kwa siku.

Siku hizi, kuanzia katikati ya Mei, napunguza hadi mara moja, na inapofika Juni nalisha siku moja na kuruka moja au mbili. Chakula chenyewe ni chepesi: kiini cha ngano, au lengalenga iliyochemshwa na kukatwa laini. Saa ni muhimu kuliko kiasi. Asubuhi sigusi kitu. Nasubiri saa saba au saa nane mchana, jua likiwa limeshaingia majini, ili utumbo upate saa chache za joto kabla ya usiku. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, jambo ambalo hapa ni nadra, ni kuacha kabisa.

Oktoba hatari hugeuka. Joto linawafanya watake kula, na wanastahili kula: mara mbili au tatu, chakula chenye protini nyingi, kile wanachoweza kumaliza ndani ya dakika tatu. Lakini maji ya joto hayabebi oksijeni nyingi, na kimo chetu kinapunguza tena. Maji ya nyuzi 25 pwani hubeba miligramu 8 hivi kwa lita. Hapa hubeba 7 hivi. Usiku mwani wa kijani huacha kutoa oksijeni na kuanza kuivuta, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Samaki aliyelishwa jioni anahitaji oksijeni zaidi ili asage, na usiku ndio wakati isipopatikana. Alfajiri utawakuta wote juu wakipiga funda za hewa. Nimeona watu wazima, wenye huruma ya kweli, wakidhani ni njaa na kuwatupia chakula tena. Wakati huo wape maji yanayoanguka kutoka juu, bomba au ndoo iliyotobolewa, na chakula kisubiri jua lipande.

Mvua za kwanza za Novemba huleta kumbikumbi, ambao wengine hapa wanawaita inswa. Washa taa juu ya bwawa jioni moja, na koi watakula hadi maji yachemke. Jioni moja tu, si wiki nzima, kwa sababu wadudu hao wamejaa mafuta. Mvua zenyewe hupoza maji na kuingiza tope la lupangu (kiwanja cha nyumba), basi siku ya mvua kubwa nusu ya mlo inatosha. Kuanzia Desemba hadi Machi ndio wakati wa kukua, wakati uleule ambao kopo linasema tuache.

Kinachoniuma ni kwamba mji huu ulijua kulisha samaki wa bwawa kabla ya kopo lolote kufika madukani. Mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, kulikuwa na kituo cha kufuga samaki huko Kipopo, karibu nao, na miaka ya 1940 hapa Katanga palikuwa kati ya mahali pa kwanza Afrika palipofugwa tilapia kwa mpango. Mwaka 1949 Wabelgiji na Waingereza walikutana mjini humu kwa mkutano wa ufugaji wa samaki. Tilapia wa Luapula na Mweru walilishwa majani ya muhogo, mabaki ya jikoni na mchwa, kwa kufuata majira ya hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kote Kongo palihesabiwa mabwawa zaidi ya 100,000. Mengi yakaachwa baada ya uhuru, na pamoja nayo maarifa ya nani ale nini mwezi gani. Leo tunasoma mgongo wa kopo.

Jambo moja zaidi ni letu peke yetu, nalo ni shaba. Tunaishi juu yake, na tunauza malakiti iliyochongwa kando ya barabara. Kuna mtu alinizawadia mamba mzuri wa malakiti ili apambe bwawa. Nilimweka sebuleni. Malakiti ina shaba, maji yenye asidi kidogo huiyeyusha, na shaba hata kwa kiasi kidogo sana huharibu matamvua na kumwondolea samaki chumvi za damu. Kwa sababu hiyohiyo usichote maji kwenye vijito vinavyopita viwandani, na uogope dawa ya kuua mwani yenye salfati ya shaba. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye pipa lililo wazi siku moja au mbili kabla ya kuyamimina.

Na wakikuzidi idadi, usiwamwage kwenye mto Lubumbashi. Mto huo unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na Luapula inafika Mweru, ambako wanaishi tilapia wetu wa asili. Australia wanajua samaki wa dhahabu aliyetupwa mtoni anakuwa mkubwa kiasi gani. Mpe jirani, au mpe mwalimu wa shule.

Faida za samaki hawa? Wanakula viluwiluwi vya mbu, wanafundisha watoto somo la uhai, vifaranga vinauzika, na maji ya kubadilisha ni mbolea nzuri kwa lengalenga na nyanya.

Ukikosa kipimajoto, ingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko saa kumi na mbili asubuhi na uhesabu polepole hadi thelathini. Ukitamani kuutoa kabla hujafika, funika kopo hadi saa saba mchana, hata wakikufungulia vinywa.