Hewa ya Bujumbura na kisahani kilichochakaa: namna ya kuchagua na kuzoeza visahani vya gofu

Kisahani cha gofu kinachoruka vizuri katika bustani ya Ulaya au Amerika ya Kaskazini hakiruki vivyo hivyo kando ya Ziwa Tanganyika. Hewa ni nyingine, ardhi ni nyingine, na kisahani kikitumbukia ziwani huenda kisionekane tena. Kwa mtoto wa Buyenzi au Bwiza aliyeujua mchezo huu ughaibuni, na ambaye sasa anakwenda Bujumbura kuwasalimu jamaa akiwa na visahani viwili au vitatu katika begi la safari, kuchagua vibaya ni hasara ya fedha. Wakati mwingine ni hatari kwa maisha yake.

Mchezo wenyewe

Gofu ya visahani hufuata mwenendo wa gofu ya kawaida. Mchezaji hana fimbo wala mpira. Hurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali pa kuanzia hadi katika kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo, na mshindi ni yule aliyefika kwa mirusho michache zaidi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, jimboni California nchini Marekani, kwa juhudi za Ed Headrick. Mwaka uliofuata, Headrick alianzisha chama cha PDGA, ambacho mpaka leo ndicho kinachoweka sheria na kuidhinisha visahani vinavyotumika katika mashindano.

Viwanja vingi nchini Marekani na katika nchi za kaskazini mwa Ulaya vimo ndani ya bustani za umma na havina kiingilio. Ndiyo maana mhamiaji anaweza kuujua mchezo huu kwa kupita tu bustanini na kuwaona watu wakicheza.

Visahani viko vya aina kuu tatu. Kuna cha kulengea, ambacho ni kinene ukingoni na huenda polepole. Kuna cha kati. Na kuna cha masafa, chenye ukingo mpana uliochongoka. Hiki cha tatu kilipatikana baada ya mwaka 1983, pale Dave Dunipace alipobuni kisahani chenye ukingo uliochongwa kama kabari badala ya ukingo mviringo wa kile cha kuchezea watoto. Kabari hiyo hukata hewa vizuri zaidi, na ndiyo inayokiwezesha kisahani kwenda mbali.

Namba nne

Watengenezaji wengi huandika namba nne juu ya kisahani. Ya kwanza ni mwendo, kuanzia 1 hadi 14 au 15. Ya pili ni uwezo wa kuelea hewani, kuanzia 1 hadi 7. Ya tatu ni kupinda, yaani jinsi kisahani kinavyoegemea upande mmoja kikiwa bado na kasi kubwa. Ya nne ni kurejea, yaani jinsi kinavyokunja kuelekea upande wa pili kasi inapokwisha.

Mfano ni mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuanzia upande wa kifua, kama anayegawa karata mezani. Kisahani chake huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hupinda kulia mwanzoni, kisha hurejea kushoto mwishoni. Kwa mtu wa mkono wa kushoto mambo hugeuka. Kisahani kisichotaka kupinda na kinachokimbilia kurejea mapema kinaweza kuitwa kikaidi. Kile kinachopinda kwa urahisi kinaweza kuitwa kitiifu.

Kosa la wengi wanaoanza liko katika namba ya kwanza. Namba ya mwendo haimaanishi kwamba kisahani chenyewe kina kasi. Inaonyesha kasi ambayo mkono unapaswa kukipa ili kiruke kama kilivyokusudiwa. Kisahani cha mwendo wa 12 mikononi mwa mtu ambaye bado hajapata nguvu wala ufundi hukunja kushoto mapema na kuanguka, hata kama tangazo lake linaahidi masafa marefu. Mtu huyo akijilazimisha kutumia nguvu, bega na kiwiko ndivyo vinavyoumia. Kwa anayeanza, mwendo wa 6 au 7, wenye uzito wa gramu 150 hadi 165, humfikisha mbali zaidi kuliko mwendo wa 12 wenye gramu 175.

Plastiki si moja

Umbo lile lile likimiminwa katika plastiki tofauti huwa karibu visahani viwili. Mfano ni Leopard wa kampuni ya Innova, ambaye namba zake ni 6, 5, -2 na 1. Akitengenezwa kwa plastiki ya kawaida ya kampuni hiyo, iitwayo DX, hupatikana kwa bei nafuu, hushikika vyema mkononi, na huanza kulegea baada ya kugonga miti na mawe mara chache. Akitengenezwa kwa plastiki ngumu inayopenyeza mwanga, iitwayo Champion, bei hupanda, kisahani hudumu kwa miaka, na kikiwa kipya huwa kikaidi zaidi kuliko ndugu yake wa DX.

Kati ya hizo mbili ipo plastiki ya daraja la juu iliyo laini zaidi, isiyopenyeza mwanga. Innova huiita Star. Kampuni ya Discraft ina yake iitwayo ESP. Hudumu karibu kama ile ngumu, lakini haitelezi sana mkononi. Kwa mji kama Bujumbura, wenye joto na jasho, na wenye mvua kwa miezi mingi ya mwaka, jambo hilo lina uzito. Kisahani kinachoteleza hakina mwelekeo, na ukingo wake mgumu unaweza kumjeruhi mpita njia. Kitambaa cha kufutia mkono ni kifaa cha lazima.

Hewa ya kando ya ziwa

Bujumbura iko katika mwinuko wa takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ile ya mji ulio pwani ya bahari. Huko Gitega, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, upungufu huo hufika karibu asilimia 16. Joto la mchana nalo huipunguzia hewa uzito zaidi.

Kisahani huruka kwa kuegemea hewa. Hewa ikiwa nyepesi, huelea kidogo kuliko mazoea, hupinda kwa shida na hurejea mapema. Kwa maneno mengine, kila kisahani huwa kikaidi kuliko kilivyokuwa karibu na bahari. Tofauti hiyo si kubwa katika Bujumbura, lakini huonekana, na kadiri mtu anavyopanda milimani ndivyo inavyoongezeka.

Upepo pia una neno lake. Mchana, kwa kawaida upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea mjini. Anayerusha akiuelekea ataona kisahani kimekuwa kitiifu ghafla na kinapinda kupita kiasi. Anayerusha ukiwa mgongoni mwake ataona kimekuwa kikaidi na kinazama haraka. Kabla ya kukilaumu kisahani, ni busara kuutazama upepo.

Kukizoeza

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika mchezo huu, kipya mara nyingi ndicho kinachosumbua. Kila kisahani kinapogonga mti, jiwe au changarawe, ukingo wake hukwaruzika na hupinda kidogo sana. Polepole ukaidi hupungua: kinachokunja kushoto kwa nguvu huanza kwenda moja kwa moja, na baada ya muda mrefu zaidi huanza kupinda kulia. Kisahani, basi, kina ujana, utu uzima na uzee, na kila umri una kazi yake.

Plastiki ya kawaida hupita umri huo kwa wiki au miezi, hasa kwenye viwanja vya udongo mkavu na changarawe. Plastiki ngumu huchukua misimu kadhaa. Anayetaka kuharakisha mambo hana haja ya kukipigiza kisahani ukutani. Njia salama ni kurusha mara nyingi mirusho mifupi kwenye uwanja wenye ardhi ngumu, na kukikagua ukingo kwa kidole baada ya kila zoezi. Sheria za PDGA huruhusu kusugua kwa msasa mikwaruzo inayokata mkono pamoja na mabaki ya kiwandani, lakini kusugua kupita kiasi hukiondolea kisahani uhalali wa kutumika katika mashindano.

Jua nalo huzoeza, ila kwa njia mbaya. Kisahani kikiachwa ndani ya gari lililofungwa wakati wa mchana hulainika na kupotoka. Kikipotoka, kinaweza kutiwa katika maji ya uvuguvugu, kunyooshwa taratibu kwa mikono, na kulazwa juu ya sehemu iliyo sawa mpaka kipoe. Hata hivyo, si kila kilichopotoka hurejea hali yake ya kwanza.

Hapa ndipo hewa na uzee hukutana. Kisahani ambacho mchezaji wa mji wa pwani ya bahari angekiweka kando kwa sababu kimechakaa na kinapinda sana, huenda ndicho kitakachonyooka Bujumbura, na kunyooka zaidi Gitega. Anayefunga begi la safari afikirie mara mbili kabla ya kuacha cha zamani nyumbani na kubeba kipya kinachong'aa.

Ziwa halirudishi

Plastiki nyingi za daraja la juu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo visahani vyake huzama. Vipo vyepesi vilivyotengenezwa ili vielee, lakini mtu asibahatishe. Beseni la maji nyumbani linatosha kumwonyesha ukweli kabla ya safari.

Kwa anayerushia karibu na ziwa, jibu la swali hilo ni zaidi ya suala la bei. Viboko na mamba wapo katika Ziwa Tanganyika na katika mto Rusizi unaomwaga maji yake karibu na mji, na jioni viboko hutoka majini kutafuta malisho. Mtu anayeingia kwenye matete au majini magharibi ikikaribia, ili kuokoa kipande cha plastiki, anaweka rehani maisha yake kwa kitu kinachonunulika. Utaratibu ulio salama ni kurusha kuelekea nchi kavu ziwa likiwa mgongoni, mbali na watoto na waogeleaji, na kumaliza mchezo jua likiwa bado juu. Upepo wa mchana kutoka ziwani utakuwa mgongoni pia, na hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea kisahani kitiifu.

Cha kubeba

Kwa yote hayo, anayeanza na anayetaka kubeba vichache anaweza kujipangia hivi. Kimoja kiwe cha kulengea, ambacho ndicho mwalimu mzuri kuliko vyote. Kimoja kiwe cha masafa cha mwendo wa 6 au 7, cha plastiki ya kawaida, kilichokwisha kutumika kwa miezi kadhaa. Cha tatu kiwe cha umbo hilo hilo, cha plastiki ya daraja la juu, kikiwa bado kipya. Akirusha viwili hivyo vya mwisho kwa mkono mmoja, siku moja, katika upepo mmoja, ataona kwa macho yake kazi ya plastiki na kazi ya wakati. Na akiamua kumwachia mdogo wake kimoja wakati wa kuondoka, amwachie kile kilichochakaa.