Lugha Mbili Hazimcheleweshi Mtoto Kusema

Mtoto akifikisha mwaka mmoja na nusu bila kutamka neno la kueleweka, lawama katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki huangukia lugha. Bibi anamsemesha Kihaya, wazazi wanamsemesha Kiswahili, na chekechea anayotarajia kwenda inafundisha kwa Kiingereza; basi inasemwa kwamba mtoto amechanganywa, na wazazi wanashauriwa wabaki na lugha moja. Mara nyingi inayoachwa ni lugha ya bibi. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini utafiti haukubaliani nao. Ushauri huo unampunguzia mtoto watu wa kuzungumza naye, na pale penye tatizo la kweli, unaficha chanzo chake.

Mtoto huanza kusikia sauti akiwa bado tumboni. Mwaka 2010, Krista Byers-Heinlein na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Vancouver, Kanada, kuhusu watoto wachanga ambao mama zao walizungumza Kitagalogi na Kiingereza wakati wa ujauzito. Watoto hao walivutiwa na lugha zote mbili, na waliweza kuzitofautisha. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees walikuwa wameonyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka nyumba za Kiingereza hutambua tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii, na kwamba uwezo huo hufifia kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Ubongo hubakiza sauti unazozisikia kila siku. Anayesikia lugha mbili hujijengea msingi wa zote mbili.

Watakaopinga watasema kwamba mtoto wa lugha mbili hujua maneno machache kuliko mwenzake. Ni kweli, iwapo tutahesabu lugha moja tu. Barbara Pearson na wenzake waliwapima watoto wadogo wa Miami waliolelewa kwa Kihispania na Kiingereza, na mwaka 1993 wakaripoti kwamba maneno ya lugha zote mbili yakijumlishwa, watoto hao hawakuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja. Wengine watataja kuchanganya: mtoto anasema "nataka water". Huko si kuvurugikiwa, kwa sababu mtoto hutumia neno alilonalo, na watu wazima wanaomzunguka hufanya vivyo hivyo. Wala makosa ya sarufi si dalili ya ugonjwa. Watoto wa Nairobi waliofuatiliwa na mwanaisimu Kamil Ud Deen waliacha mara nyingi viambishi vya nafsi na vya wakati katika vitenzi vya Kiswahili, nayo ni hatua ya kawaida ya kujifunza.

Kinachomjenga mtoto ni mazungumzo ya ana kwa ana. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake waliripoti kwamba watoto wa Marekani wenye miezi 9, baada ya vikao 12 vya kucheza na watu waliozungumza Kichina cha Mandarini, waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliooneshwa watu haohao kwenye runinga hawakujifunza. Kwa hiyo, anayemnyamazisha bibi na kuwasha katuni za Kiingereza anamwondolea mtoto mwalimu na kumpa kelele. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini. Hoja kwamba Kiingereza kitamfaa mbeleni ina uzito, lakini mzazi asiyekimudu humpa mtoto sentensi fupi na maagizo matupu. Amsemeshe kwa lugha anayoweza kusimulia, kuuliza, kubembeleza na kueleza.

Je, hakuna watoto wa lugha mbili wanaochelewa kweli? Wapo, kama walivyo wa lugha moja, na tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote anazosikia mtoto. Jambo la kwanza kuchunguzwa ni masikio, kwa sababu homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga na maambukizi ya masikio yanayojirudia vinaweza kudhoofisha usikivu. Mtoto asiyeshtuliwa na sauti kubwa, asiyetamka silabi kama "ba-ba" au "ma-ma" akikaribia mwaka mmoja, asiye na neno lolote katika miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, au anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kliniki bila kungoja, na mzazi aombe apimwe usikivu. Lugha ya bibi iachwe iendelee kusemwa nyumbani.