Kabla Hujafunga Spotilaiti

Tarime iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na ushei tu. Kwa hiyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua likishazama giza halichelewi. Bodaboda anayefunga kazi saa nne usiku anaendesha gizani karibu saa tatu kila siku, iwe Juni au Desemba. Kwenye lami ya Sirari yuko kati ya malori ya kwenda na kutoka Kenya. Akikata kuelekea Nyamongo na Mugumu anaweza kukutana na changarawe na vumbi, na kwenye vijiji vilivyopakana na hifadhi ya Serengeti, kama Robanda, fisi au tembo anaweza kumtangulia barabarani. Ndiyo maana spotilaiti zinapendwa. Lakini pikipiki nyingi zinazolalamikiwa kuwa na taa hafifu hazina tatizo la mwanga tu. Mwanga uliopo unaanguka pasipostahili, na pesa ya spotilaiti ingefaa ianze kutumika hapo.

Balbu ya wati 35 ya halojeni, inayokuja na Boxer na ndugu zake wengi, ni ndogo kweli. Ila kuongeza mwanga hakuongezi umbali kwa kadiri ileile. Ili kitu kiangazwe vilevile kikiwa mbali mara mbili, unahitaji mwanga mara nne. Sasa ongeza mwendo kwenye hesabu hiyo. Kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Mpaka uone, ushtuke na ukamate breki, sekunde moja na nusu imepita na mita 25 zimekwenda. Kusimama kwenye changarawe kunakula nyingine 35 hivi, jumla 60. Kwa kilomita 40 jumla hiyo inashuka hadi mita 32 hivi. Dereva aliyepunguza mwendo kwa theluthi moja amejipatia nafasi ambayo taa ingempa tu kama ingeongezewa nguvu zaidi ya mara tatu. Atakayesema abiria wa usiku ana haraka, hasa anapopelekwa hospitali, ana hoja, na ndiyo sababu sisemi taa haina maana. Nasema taa na mwendo vinapimwa kwa mizani moja.

Tuje kwenye uelekeo wa taa. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna kama mita moja na robo. Abiria akipanda na mzigo wake, nyuma ikashuka sentimita tatu tu, mwanga wa mbele unainuka, na mita 25 mbele utakuwa umepanda sentimita 60. Taa iliyopaswa kumulika shimo sasa inamulika uso wa dereva anayekuja. (Mshikaki wa watu watatu tusiuzungumzie.) Dawa yake ni spana na dakika kumi: kaza springi ya shokapu, mpandishe mtu nyuma, simamisha pikipiki mita kumi kutoka ukutani, kisha inamisha taa mpaka ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita kumi hivi chini ya kimo cha taa yenyewe. Jihadhari pia na balbu ya LED inayochomekwa kwenye taa ya halojeni. Kioo cha ndani kimeumbwa kufuata mahali ulipo uzi wa balbu ya zamani. Chanzo cha mwanga kikihama milimita chache, mwanga unatawanyika. Kwa mwenyewe unaonekana mweupe na mkali, lakini kule mbali haufiki.

Wa upande wa Serengeti watajibu kwamba mnyama hasubiri dimu. Ni kweli, na macho ya ng'ombe au fisi hurudisha mwanga kwa mbali. Hata hivyo, hayang'ai mpaka mnyama akutazame, na anayevuka barabara anakupa ubavu. Hapo taa mbili ndogo zenye mwanga mpana, zikifungwa chini kwenye bampa na kuelekezwa kingo za barabara, zina faida kuliko moja kali juu ya usukani. Kwenye vumbi tofauti ni kubwa zaidi. Taa iliyo karibu na macho inaangaza chembe zilezile unazozitazama, na mbele yako kunasimama ukuta mweupe. Rangi ya njano haipenyi kwenye vumbi kama wengi wanavyoamini. Kinachosaidia ni taa kukaa chini.

Umeme nao una kikomo. Taa mbili za wati 20 zinavuta ampea tatu na kidogo, juu ya taa kubwa, kutoka kwenye koili iliyopimwa kwa mahitaji ya kiwandani. Ukiziunga kwenye waya wa taa kubwa kupitia swichi nyembamba, plastiki itayeyuka. Ziunge kwenye betri kupitia relei, na fyuzi ya ampea 5 ikae jirani ya betri. Wati zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini kabla fundi hajapima kwa testa: ampea zidisha kwa volti. Waya wa kuamsha relei utoke kwenye fulu, ili ukishusha taa kumpisha mwenzako na spotilaiti zizime zenyewe.

Gharama inabaki kizuizi kwa anayepeleka hesabu kila jioni, na kwa haki tajiri mwenye pikipiki ndiye angebeba relei na waya. Kama pesa haitoshi kwa yote, ningeanza na taa ya nyuma inayowaka, ukanda wa kuakisi mwanga na koti lake. Spotilaiti ya mbele haimwambii chochote dereva wa lori anayekuja nyuma yako kutoka Sirari.