Kwa nini 'Mirathi ya Hatari' inatisha kuliko Dracula

Dracula wa Bram Stoker (1897) anakaa kwenye ngome ya mbali, huko Transylvania. Msomaji wa Kemondo akifunga kitabu, amemwacha huko huko.

Mirathi ya Hatari ya C.G. Mung'ong'o, iliyotoka mwaka 1977, haikuachii nafasi hiyo. Kijana Gusto anarithishwa mali ambayo hakuiomba: uchawi. Na anayempa ni baba yake mzazi, anayekaribia kufa.

Hapo ndipo penye hofu. Jini utalikimbia. Baba anayekata roho utamwambiaje hapana?

Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka (2001), anamrudisha babu aliyekufa aje kumsumbua mjukuu wake. Ni damu ile ile tena, si mgeni.

Visa hivi si vya Kagera, lakini Mhaya hahitaji kuelezwa sana. Omusika, yaani mrithi mkuu, hukabidhiwa kibanja, na mara nyingi makaburi ya wazee yamo humo humo, katikati ya migomba. Akitoka usiku kwenda choo cha nje, babu yuko hatua chache tu.