Je, Wajua? Hadithi Zilizoshonwa Begani

Kifaru wetu alipigana Burma
Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, kila askari akiwa na kichwa cha kifaru begani. Wengi walikuwa Keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Kufikia Desemba walikuwa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na amri za Kiswahili zikisikika maelfu ya kilomita kutoka Mombasa!

Buibui anayetazama chini
Wenzao wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi walivaa buibui mweusi juu ya manjano. Ni Ananse huyo, mjanja wa hadithi za Waashanti, mwenye akili za Sungura wetu: mwili mdogo, lakini wakubwa hawamwezi. Husimuliwa kwamba alishonwa kichwa chini makusudi, ili askari akinyoosha mkono kulenga bunduki, buibui aonekane anamwendea adui.

Wamarekani waliovaa swastika
Naam, Wamarekani! Divisheni ya 45 ilikusanya askari wa majimbo manne: Oklahoma, Colorado, Arizona na New Mexico. Tangu miaka ya 1920 beji yao ilikuwa mraba mwekundu, pembe nne kwa majimbo manne, na katikati swastika ya manjano, alama ya heri ya wenyeji wa asili wa huko. Nyekundu na manjano zilikumbusha enzi za Wahispania. Kisha Hitler akaifanya alama hiyo kuwa ya chama chake. Divisheni ikaivua, na mwaka 1939 ikashona mahali pake Ndege wa Radi wa wenyeji haohao. Mraba na rangi havikuguswa. Tarehe 29 Aprili 1945, askari wenye ndege huyo begani walikuwa miongoni mwa waliowakomboa wafungwa wa kambi ya Dachau. Sijui beji nyingine iliyojibu kwa namna hiyo.

Dubu mwenye cheo
Wojtek, dubu aliyechukuliwa Iran na askari wa Poland mwaka 1942 akiwa mtoto, aliandikishwa jeshini ili aruhusiwe kupanda meli ya kwenda Italia. Huko Monte Cassino, mwaka 1944, alionekana akibeba risasi za mizinga. Kampuni yake ya 22 haikutafuta nembo mbali: ilimchora yeye, kakumbatia kombora, ikambandika kwenye malori na sare.