Kiti cha Meno Kiwekwe Wapi?

Usiku mmoja mama alifika kituoni kwetu amembeba mtoto wa miaka saba. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba hata jicho moja halifunguki. Jino lilikuwa limemwuma wiki tatu. Mama alijaribu karafuu, akajaribu vidonge vya maumivu, mwishowe akanunua dukani vidonge vya rangi mbili. Tulipomwuliza kwa nini hakwenda hospitali ya wilaya, alijibu kwa upole, "Dada, ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku nzima bila shamba."

Kituoni hatukuwa na mtu wa kung'oa jino. Tulimwanzishia mtoto sindano, na alfajiri akapelekwa mjini. Alipona, tunashukuru. Lakini jino lile lingeweza kushughulikiwa mapema, kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo.

Tangu usiku ule sisi wauguzi, pamoja na akina mama tunaotembelea wagonjwa katika usharika wetu, tumekuwa na swali moja: halmashauri ikipata fedha za kiti kimoja zaidi cha meno, ikiweke wapi?

Jino si jambo dogo

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba jino haliui. Si kweli. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Ukimwona mtoto au mtu mzima ana uvimbe unaoteremka chini ya taya, ana homa, hawezi kumeza wala kufungua kinywa, usingoje asubuhi. Mwahishe hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Hapa kwetu Tanzania umbali unaongeza hatari nyingine. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, jirani husema ana "meno ya plastiki", naye hupelekwa kuchokolewa ufizi kwa chuma. Meno ya plastiki hayapo. Ule uvimbe mweupe ni jino changa ambalo bado halijaota, na kulichokoa huleta damu nyingi na vidonda vinavyooza. Mtaalamu wa meno akiwa mbali na mchokoaji akiwa jirani, mama mwenye hofu atakwenda kwa nani?

Maswali matatu

Kwa desturi huduma ya meno huwekwa hospitali ya wilaya, na sababu zipo. Huko kuna umeme, maji na mtambo wa kuchemshia vifaa. Lakini kiti cha pili kikiwekwa kando ya kile cha kwanza, wanaonufaika zaidi ni walewale walio karibu na mji. Basi sisi tunashauri maswali matatu yaulizwe kabla ya uamuzi.

La kwanza: nani anaweza kufika na kurudi siku hiyohiyo? Katikati ya ramani si lazima pawe katikati ya njia za watu. Mlima na mto huzungusha safari. Kituo cha afya kilicho kwenye njia ya gulio huwafikia wengi, maana siku ya gulio magari yapo na mama ana sababu mbili za kusafiri.

La pili: kiti kitafanya kazi? Kiti kisicho na maji, umeme, dawa ya ganzi na tabibu wa meno ni pambo tu. Tena tabibu naye anahitaji nyumba ya kuishi, la sivyo ataomba uhamisho.

La tatu: nani anaumia zaidi akikosa? Ni watoto wa shule, wazee, na wajawazito ambao ufizi wao hutoka damu kwa urahisi. Hapa tuseme wazi: mjamzito anaweza kutibiwa jino. Asingoje mpaka ajifungue.

Si lazima kiti

Kuna njia ya kuziba jino bila mashine. Tabibu huondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha hujaza tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Haihitaji umeme. Njia hii ilianzishwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Hospitali ya wilaya ibaki na kazi kubwa. Kiti kipya kiende kituo cha afya kinachofikika na wengi. Naye tabibu wa kituo hicho awe na siku maalumu za kubeba sanduku lake kwenda shule na zahanati za mbali. Tunajua kila diwani angependa kiti kiwe katika kata yake. Lakini kata itakayokosa kiti isikose ziara.

Sauti ya mama

Akina mama wenzetu, uamuzi huu hauanzi kwa madiwani. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Twende, tuketi mbele, tuulize. Mambo ya kijiji hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri. Kituo chako nacho kina kamati yake, na wananchi wana wajumbe humo.

Sisi tulianza na daftari la shule. Kwa miezi mitatu tuliandika kila aliyekuja kituoni na maumivu ya jino, kijiji atokacho, na siku alizongoja kabla ya kuja. Tulilifikisha kwenye kamati. Kiti bado hatujakipata, lakini ombi sasa limeandikwa, na hakuna tena anayetuambia kwamba wagonjwa wa meno hawapo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwa wakisema juu ya jino, lakini sisi tuliomwona mtoto yule usiku ule tunajua kwamba ufa huo huanza na tundu dogo kama kichwa cha sindano.